Dawa ya Njia ya Nyuma

Wiki iliyopita walikuja kwangu hapa Korogwe vijana wawili, binti na kijana wa kiume, wamevaa fulana mpya zilizoandikwa mgongoni AFYA NI USHIRIKIANO. Wakaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikaitikia, nikawakaribisha uani. Binti akafungua kishikwambi chake akaanza kunisomea maswali bila kuniangalia usoni.

"Je, kaya hii imewahi kushirikishwa katika afua yoyote ya kitafiti?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kaya hii ni mimi na kuku, na kuku hawajawahi kushirikishwa."

Akatafuta kwenye kile kioo mahali pa kuandika jibu hilo, hakupaona.

Chai ilipomlegeza ndipo akaniuliza swali lake la kweli. Kuna kijiji upande wa Handeni kimeukataa mradi wao, na mkuu wao amewapa muda mfupi wakilainishe. Wafanye nini? Nimekuwa nesi karibu maisha yangu yote ya kazi, na sehemu kubwa ya maisha hayo niliazimwa na miradi ya utafiti kama vile jirani anavyoazimwa kinu. Nikawasimulia habari ya dawa moja, wakaniomba niiandike ili na wenzao waisome. Haya, someni. Msipojifunza kitu mtacheka, ila mkicheka angalieni mnamcheka nani.

Wakati ule nilikuwa wodi ya watoto, chini ya Sista Kilua. Huyu alikuwa mama wa Kishambaa, mfupi, mnene, mcha Mungu, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku zangu za mwanzo alinikuta namweleza mama mmoja jinsi ya kumpa mtoto dawa, namaliza kwa kumuuliza, "Umeelewa, mama?" Mama akasema ndiyo. Sista akanivuta pembeni.

"Wewe ulipokuwa shule, mwalimu akiuliza mmeelewa, ulijibu nini?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ulikuwa umeelewa?"

"Hapana, Sista."

"Basi usimuulize mtu kama ameelewa. Mwambie akuonyeshe."

Maneno hayo yamenifaa kuliko semina zote nilizowahi kukaa, na semina nimekaa mpaka nikafahamu ladha ya chapati za kila ukumbi kati ya Mombo na Handeni.

Shida yetu wodini ilikuwa watoto wa degedege. Mtoto anashikwa homa ya malaria huko porini, anatapika kila kidonge anachopewa. Zahanati iko mbali au imefungwa, sindano hakuna. Kesho yake anakakamaa, macho yanapanda juu, ndipo anapakiwa kwenye bodaboda kati ya baba na mama kuletwa hospitali. Wengine tuliwapokea wakiwa hai. Wengine tulipokea kanga iliyofungwa vizuri, mama akiwa bado anaibembeleza.

Kwa hiyo siku tuliyosikia kuna dawa ambayo mtoto hana haja ya kuimeza wala kudungwa, mimi na Sista tulifurahi kwa dhati. Ni kidonge laini, kinateleza kama kipande cha mshumaa, kinaingizwa sehemu ya haja kubwa. Hakimponyi mtoto moja kwa moja, lakini kinamshikilia asizidiwe mpaka afike hospitali. Mradi ulitaka kujua kama wanakijiji wenyewe wanaweza kukitumia, ukatuazima mimi na Sista. Wazo zuri kabisa. Likakabidhiwa kwa wataalamu.

Mtaalamu wetu mkuu alikuwa Profesa kutoka ng'ambo, mtu wa huruma za kweli, aliyeamini kwamba Mtanzania akitikisa kichwa amekubali. Msimamizi wake wa hapa nchini alikuwa Dokta Mbwambo, kijana wa Dar es Salaam, shati limenyooka hata kwenye vumbi la Handeni. Dokta Mbwambo alikuwa na adabu mno, na adabu yake ndiyo iliyotuponza.

Kijiji kilichochaguliwa sikitaji. Kiko upande wa Handeni, kwenye pori linalopakana na Korogwe, na watu wake ni Wazigua wakulima pamoja na Wamaasai waliohamia na mifugo. Tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Dokta Mbwambo akasimama mbele ya wazee, masheikhe, mchungaji na akina mama wenye watoto, akawa hana ujasiri wa kutaja mahali dawa inapokwenda. Karatasi ya ridhaa nayo haikumsaidia, maana ilitafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Ilisema mshiriki atapatiwa bidhaa ya uchunguzi kwa mkondo wa rektamu. Dokta akaisoma, akakohoa, akasema, "Yaani, ndugu wananchi, dawa hii inatolewa kwa njia ya nyuma."

Watu wakatikisa vichwa. Profesa akatabasamu. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Na kama nyumba ina mlango mmoja?"

Dokta hakusikia vizuri. Akajibu kwamba dawa itafanya kazi kwenye nyumba yoyote.

Kijiji kizima kikakubali. Wakaweka saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, na jioni ile Profesa akatuambia hajawahi kuona jamii yenye mwitikio mzuri namna hii.

Majuma machache baadaye ikaja taarifa ya kwanza ya mafanikio. Bibi mmoja amempa mjukuu wake dawa, mtoto amepona kabisa. Dokta akataka apigwe picha. Tukaenda, mimi, Sista na mpiga picha. Bibi alikuwa mchangamfu, mtoto anakimbiza kuku. Sista akamwambia, "Bibi, hebu tuonyeshe ulivyofanya."

Bibi akambeba mjukuu wake. Akatoka naye kwa mlango wa nyuma wa jiko, akazunguka nyumba taratibu, akakaa kwenye kigogo, akaonyesha kwa vidole jinsi alivyokikoroga kile kidonge kwenye uji. Kisha akaturudisha kwa mlango uleule wa nyuma, ili dawa isiharibike.

Mpiga picha aliinama kama aliyeangusha kitu. Sista Kilua hakucheka. Alimshukuru bibi, akaniambia tukiwa njiani, "Homa ile ilikuwa ya mafua tu, Mungu amesaidia. Lakini sasa lazima niseme jina la mahali penyewe."

Na akalisema. Aliitisha mkutano mwingine, akachukua kidonge mkononi, akaeleza kwa Kiswahili cha sokoni kinaingia wapi, kwa kidole gani, na mtoto alazwe vipi. Kwa mara ya kwanza kila mtu akaelewa. Na kwa mara ya kwanza wakakataa. Kumbe ridhaa yetu yote ilikuwa imesimama juu ya kutoelewa.

Aliyesimama kwanza ni Mzee Semboja, mtu mwenye sauti, mashamba na wake wawili.

"Mtoto wa kiume hashikwishikwi huko," alisema. "Leo mnaita dawa. Kesho mtaita nini? Hayo ni mambo ya kwao wazungu, watuachie watoto wetu."

Wanaume wakamuunga mkono. Maboksi ya dawa yaliyokuwa yamegawiwa kwa akina mama yakaanza kurudi. Mwanaidi, mke wa mtoto wa Mzee Semboja, alilirudisha la kwake mwenyewe, mikononi mwangu, kwa amri ya baba mkwe. Alikuwa na binti mdogo anayeitwa Zubeda, mwenye kope ndefu na tabia ya kuning'inia kwenye mkoba wangu kila nikifika. Siku hiyo Mwanaidi alimbandua kwenye mkoba, wakaondoka.

Mnataka kujua wataalamu walifanya nini? Walifanya kikao. Kisha wakatengeneza fulana. Kisha wakaleta mwanasesere wa plastiki kutoka ng'ambo ili akina mama wajifunzie bila aibu, na mwanasesere mwenyewe alikuwa hana tundu popote. Akina mama walimgeuza, wakamgeuza tena, wakamwonea huruma. Mmoja akasema, "Maskini, huyu naye ana shida kubwa kuliko malaria." Mwisho kukafanyika bonanza la mpira wa miguu, kauli mbiu mbele, mshindi mbuzi. Vijana wa kijiji wakashinda mbuzi, wakamla mbuzi, dawa ikabaki kwenye boksi. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba uhamasishaji ulifana.

Halafu zikaja mvua.

Zubeda alipata homa. Alitapika dawa ya maji, akatapika na maji. Alipokakamaa, baba yake alikuwa shambani, Mwanaidi akamwita mwenye bodaboda. Daraja la mto lilikuwa limefunikwa na maji, wakangoja yapungue, mvua inawanyeshea. Nilimpokea mimi mlangoni pa wodi, mchana kweupe. Nilimpokea nikijua kabla sijafungua kanga. Sista alikuja, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamshika Mwanaidi kichwa akakilaza begani kwake. Sitaandika zaidi hapo. Ninyi mnaojaza maswali kwenye vishikwambi, lile swali la idadi ya watoto walio hai katika kaya mlisome taratibu, mkimwangalia mama usoni.

Baada ya matanga kijiji chenyewe kiliitisha mkutano. Mradi haukuitisha, na sisi tulialikwa kama wageni tu. Mzee Semboja alifungua. Sauti yake haikuwa ileile, lakini maneno yalikuwa yaleyale: msiba ni wa Mungu, na heshima ni heshima. Ndipo akasimama dada yake mkubwa, bibi Mwantumu, mama mkavu, mweupe wa nywele, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema kwenye mkutano wowote.

"Semboja, mdogo wangu," alisema, "unakumbuka ulivyokuwa unapenda mapera mabichi?"

Mzee akamwangalia.

"Ulikuwa ukila unafunga choo, tumbo linakuwa ngoma. Mama anachemsha majani, anachukua kibuyu chenye mrija, anakuingizia dawa hukohuko nyuma. Nani alikuwa anakushika miguu ukipigwa bomba? Mimi. Ulikuwa unalia mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. Na kwa bomba hilohilo ulipona. Huyo mzungu wako alikuwa hajafika hapa. Sasa umekuwa mwanaume au hukuwa?"

Akina mama walianza kucheka kwenye kanga zao. Wazee nao wakaangalia pembeni, maana hakuna hata mmoja wao ambaye hakuwahi kushikwa miguu. Mke mdogo wa Mzee Semboja alicheka mpaka akaondoka.

Kicheko kilipokwisha, Mwanaidi akasimama. Alisema taratibu, ikabidi watu wainame kumsikia.

"Baba, mimi sina maneno mengi. Dawa ilikuwa kwenye kabati langu. Ulisema irudishwe, nikairudisha. Leo nataka kuichukua tena. Safari hii siombi ruhusa."

Mzee Semboja alivua kofia yake, akajifuta nayo uso, akaendelea kuishika mapajani. Mwanaidi akaja mpaka nilipokaa, akanyoosha mikono, nikampa boksi lake, maana yale yaliyorudishwa nilikuwa nimekuja nayo. Nyuma yake wakapanga foleni wengine.

Kuanzia siku ile akina mama ndio waliofundishana, kwa Kizigua, jikoni, kwa kumlaza mtoto jinsi inavyotakiwa, kisha kujifunza kuingiza kidonge kwenye ndizi mbivu. Sisi tulikwenda kuangalia, na kazi yetu ikawa kujibu tunapoulizwa. Mtoto wa kwanza kuja hospitali akiwa ameshawekewa ile dawa alikuwa wa jirani Mmaasai, na aliyemwekea ni Mwanaidi. Aliingia wodini analia kwa hasira, anampiga baba yake makofi. Mimi nikaanza kumbembeleza. Sista akasema, "Mwache alie. Hiyo ndiyo sauti tuliyokuwa tunaitafuta." Baada yake walikuja wengine, na wengi wao walirudi nyumbani.

Msifikiri mambo yaliishia hapo kwa vigelegele. Mradi ulipokwisha, ulifanyiwa sherehe ya kufunga katika ukumbi mmoja hapa Korogwe, mgeni rasmi, keki, na picha kubwa ukutani. Picha ilikuwa ya Mzee Semboja, na chini yake imeandikwa Bingwa wa Mabadiliko. Yeye mwenyewe alikuwepo, amevaa kanzu, na kwa haki yake niseme hakuweza kuiangalia.

Katikati ya hotuba ya Profesa mlango ukafunguliwa. Walikuwa akina mama wa kijiji, wamepanda lori la mahindi lililokuwa linakuja sokoni, kanga zimejaa pumba. Hakuna aliyewaalika. Bibi Mwantumu alitembea mpaka mbele.

"Tumesikia mnafunga," alisema. "Mmeona dawa inafaa?"

Dokta Mbwambo akatafsiri. Profesa akasema ndiyo, inafaa sana, amefurahi.

"Sasa kwa nini mnaondoka nayo?"

Profesa akaeleza kwamba utafiti umekamilika, kwamba matokeo yatawasilishwa kwa wadau, na kwamba dawa iliyobaki, kwa kanuni, inapaswa kuteketezwa.

"Wadau ndio akina nani?"

Dokta akakohoa. "Ni wote wanaohusika. Hata ninyi, bibi."

"Basi tumefika. Tupeni."

Mgeni rasmi akaangalia keki. Mimi nilikuwa nimekaa na Sista Kilua meza ya nyuma, na niliona anakusanya mkoba wake. Akainuka, akaenda kusimama pamoja na wale akina mama, kati ya Mwanaidi na mke mdogo wa Semboja, akafunga mikono kifuani. Nikamfuata. Nilipofika nikageuka, nikaona Mzee Semboja naye anakuja, kanzu ameishika mkononi asijikwae.

Siku hiyo hatukupewa kitu. Kanuni ni kanuni, tukaambiwa, kuna taratibu, kuna mamlaka. Akina mama walirudi na lori lao, lililokuwa tupu. Sista alimfuata Dokta Mbwambo nje, akamwambia mbele yangu, "Mwanangu, wewe una adabu nyingi sana. Ungekuwa na kidogo tu, ungeweza kumbishia mtu." Kesho yake Dokta akaondoka kwenda Dar es Salaam, na sisi manesi tukasema yametimia, wamekula keki wamekwenda. Tulimsema sana. Tulikuwa tunaigiza anavyokohoa kabla ya kutaja mwili wa binadamu.

Kumbe kijana alikuwa anazunguka ofisi baada ya ofisi, akikohoa kila mlangoni, akiomba ile dawa isichomwe na ikabidhiwe kihalali kwenye zahanati ya eneo lile, mpaka dawa za serikali zitakapofika. Profesa naye, nasikia, aligombana na watu wa kwao mpaka sauti ikamkauka. Haya sikuyajua mpaka msimu wa mvua uliofuata ulipokaribia, nilipokwenda kijijini kuwapima watoto uzito. Tulikuwa nyumbani kwa Mwanaidi. Wakati huo alishakuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na alikuwa na mtoto mwingine mgongoni.

Ikaja bodaboda. Nyuma amekaa mtu mwekundu kwa vumbi, amekumbatia boksi kubwa kama anayekumbatia mgonjwa. Sikumtambua mpaka alipokohoa.

Alishusha boksi, akamwamkia bibi Mwantumu, akaeleza kwa kifupi alikopita na nani kakubali. Sehemu iliyobaki ya mzigo ilikuwa imeshafika zahanati, hii ilikuwa ya kijiji. Nilidhani akina mama watapiga vigelegele. Hakuna aliyepiga. Mwanaidi alifungua boksi, akatoa pakiti moja, akaangalia tarehe ya mwisho wa matumizi jinsi Sista alivyomfundisha, akaangalia na ya pili. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na mlenda, akamwekea.

"Karibu, dokta, kula kwanza," alisema. "Halafu utueleze, hii ikiisha tunafanyaje."

Dokta Mbwambo alimwangalia, akamwangalia bibi Mwantumu, akaangalia wale wengine waliokuwa wanasogea kutoka nyumba za jirani. Mwenye bodaboda akauliza kama amsubiri.

"Nenda tu," Dokta akamwambia, akanawa mikono.